Ukuta Unacheza

Mugunga, Goma, tarehe 9 Machi 2025

Mudogo wangu Achille,

Mukono uliokuletea barua hii ni wa Mama Julie, yule wa vitenge, anayepita Kalengera na Bunagana kwenda kununua Kampala. Mupe chai, maana ameibeba ndani ya nguo zake njia nzima. Kwa simu sitakuandikia tena mambo ya nyumbani. Barabarani wanakuambia fungua, wanasoma kila kitu mupaka salamu za Noeli, na mimi sipendi mutu nisiyemujua asome machozi yangu.

Sisi tuko. Mama anakusalimia. Goti lake la kushoto bado linamusumbua, na yale mafuta uliyotuma alipaka mupaka chupa ikaisha, halafu akasema hayana nguvu. Watoto wangu hawajambo, ila Élodie ameng'oka meno ya mbele na hataki kucheka mbele ya watu. Ofisi ya Himbi nilikokuwa ninapiga deki imefungwa, wenyewe waliondoka na funguo, kwa hiyo sasa ninauza sambaza, vile visamaki vya ziwa, kando ya barabara. Makambi ya wakimbizi ya huku kwetu yamevunjwa. Mahema yote yametoka, watu wameambiwa warudi vijijini, na pale palipokuwa na makelele usiku na muchana unasikia upepo tu. Sikuwahi kufikiri nitayakumbuka makelele yale.

Sasa jambo lenyewe. Jephté hajarudi. Tumemutafuta hospitali, gereza, Musalaba Mwekundu, na mahali wanapoweka maiti. Humo niliingia mimi mwenyewe, na sitakueleza. Toka ile siku ya Januari muji ulipochukuliwa, hakuna mutu aliyetuambia amemuona mudogo wetu pahali fulani, muzima au namna nyingine. Baba mudogo Henri amefika kutoka Butembo kwa njia ndefu. Anasema imetosha: isomwe misa ya wafu, tufungue kilio, tulie kama watu, halafu yeye amupeleke Mama Butembo apumzike. Lakini Papa hayuko tena, na wewe ndiye mutoto mwanaume mukubwa. Bila neno lako kilio hakifunguki, unajua. Baba mudogo hawezi kulisema kwa niaba yako, na mimi pia siwezi, ingawa ninakuzidi miaka na akili. Ninaomba neno moja tu. Ndiyo, au hapana.

Vijana wa avenue, mutaa wetu, wameanza kucheza mupira tena kule kwenye mawe ya lava ya volkano. Wanacheza na pungufu ya mutu mumoja. Nafasi ya Jephté wameiacha wazi, kama desturi.

Ni mimi yaya wako, dada yako mukubwa, ninayekungoja,
Charline


Kampala, siku ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Yaya Charline mupendwa,

Nimetoka misa, nimekula muchele na nyama kwa yule mutu wa kwetu Butembo aliyenipa kazi ya kubeba mizigo dukani kwake, na sasa nimekaa juu ya gunia ninakuandikia. Mama Julie nilimupa chai na mukate. Aliniambia umekonda. Kula hizo sambaza, usiuze zote. Afya yangu ni nzuri, isipokuwa mugongo. Musalimie Mama, umuambie mafuta yale yanapakwa kidogo kidogo, hayamwagwi kama ya kukaanga. Na Élodie muambie mimi pia nilikuwa kibogoyo, na leo ninatafuna mifupa.

Nikuambie habari yangu. Nimepata timu. Jioni, kazi ikiisha, tunacheza mupira ndani ya salle, nyumba kubwa yenye paa, wenyewe wanauita futsal. Wewe utasema ni ule ule wetu wa watoto wa lava. Hapana, Yaya. Ni ndugu yake, lakini amelelewa nyumba nyingine. Tuko watano, mumoja wetu kipa, na goli ni milingoti ya kweli yenye wavu, si mawe mawili na mabishano kama mupira ulipita juu ya jiwe au kando. Chini ni laini, unaweza kulala. Mupira wenyewe ni mudogo na muzito, ukiudondosha hauruki. Kule kwetu unagonga lava unaruka unakotaka, na sisi tulijifunza kuungoja kwa kifua na goti. Hapa unausimamisha kwa wayo, unauvuta, unautuma. Ukitoka nje ya mustari, unauweka chini na kuupiga kwa muguu, na mwamuzi, arbitre wao, anakuhesabia sekunde nne kwa vidole hewani. Zikipita, adui ndiye anapewa mupira. Kwetu nani aliwahi kuhesabu? Tulikuwa tunabishana mupaka mama wa mutu aite watu kula.

Siku ya kwanza niliaibika. Nilikuwa kando, adui mbele yangu, nikafanya kile tunachofanya wote: nikaupiga mupira kwenye ukuta, nikakimbia mbele kuungoja urudi. Mupira ulienda kwenye viti, ukaangusha chupa za maji za wamama waliokaa pale. Mimi niko mbele, muguu tayari, ninangoja. Watu walicheka mupaka wengine wakakaa chini. Coach wetu, Ndagijimana, mutu aliyetoka Rutshuru zamani, akaniuliza: "Ulimupa nani?" Nikasema: "Ukuta." Akasema: "Hapa ukuta hauko kwenye timu."

Kitu kingine ni kubadilishana. Mutu akichoka anatoka mwenyewe, mwingine anaingia palepale, mupira unaendelea, na hakuna anayesimama kuangalia nani ametoka. Coach anasema huo ndio uzuri wake. Mimi bado sijazoea. Kwetu, toka vita vya zamani, mutu akikimbia nafasi yake inabaki wazi mupaka arudi, au mupaka mutu wa nyumbani kwake aje kiwanjani aseme fulani anaingia. Mimi mwenyewe niliachiwa yangu mwaka muzima tulipokimbilia Butembo, na niliporudi niliikuta.

Je, ule ukuta wa Muzee Cikuru, ule wa mawe ya lava, bado una lile jiwe jeusi la katikati? Jephté alilijua kuliko mutu yeyote. Alikuwa anasema mawe mengine yanatupa mupira ovyo, lakini lile linakurudishia kwenye muguu. Sisi wengine tulicheza na watu. Yeye alicheza na ukuta, na alitufunga wote.

Lile jambo la baba mudogo nimelisoma. Nitafikiri.

Wako wa mbali,
Achille


Mugunga, tarehe 15 Juni 2025

Achille,

Barua yako ilichelewa kwa sababu Mama Julie alilala siku nyingi Bunagana, njia ilikuwa mubaya. Amefika salama. Sisi tuko salama pia, kwa namna ya huku. Élodie ameota jino moja, sasa anacheka upande mumoja. Makala ya kupikia yamekuwa ya kutafuta kwa tochi, tunapika mara moja kwa siku. Baba mudogo Henri alikungoja mupaka viatu vyake vikaota ukungu, akarudi Butembo, na alisema maneno ambayo sitayaweka hapa kwa kuwa leo ni Dominika.

Nimesoma barua yako kutoka juu mupaka chini nikitafuta neno moja. Nikapata wavu, nikapata vidole vya arbitre, nikapata chupa za maji za wamama. Neno sikulipata. Unanijua, Achille, mimi si mutu wa kuzungushwa. Ulipokuwa mudogo ukivunja kitu ulikuwa unakuja kunielezea habari ndefu ya mbuzi wa jirani. Futsal hii ni mbuzi wa jirani.

Acha nikuelezee nyumba yako ilivyo. Mulango hatuuwekei komeo, Mama hataki. Bugali bado anamukatia Jephté kipande chake, anakifunika na sahani, na asubuhi kinaliwa na kuku. Ndala zake ziko pale pale chini ya dirisha. Siku nyingine ninazisikia. Nikiwa jikoni ninasikia zinapiga simenti, pa, pa, kama anatoka kuoga, na ninamuita kabla sijajizuia. Élodie anauliza: "Unaita nani, Mama?" Ninasema ninaita kuku. Mimi ni mukristo, siamini mizimu. Lakini mutu aliyekufa bila kuliliwa anatembea wapi, kama si nyumbani kwao? Nimechoka kumusikia. Ninataka kumulilia, na wewe ndiye umenifunga mudomo.

Muchana Mama hashindi nyumbani tena. Anatoka asubuhi na kiti chake kidogo, anarudi giza likiingia. Usiniulize anashinda wapi.

Uliuliza habari ya kiwanja. Bado wanacheza, na bado nafasi iko wazi. Julien, yule murefu wa kwa fundi viatu, ndiye anawaongoza sasa. Mutu akibanwa wanapiga kelele, "Peleka kwa Jephté!", na mupira unaenda kwake, na unarudi. Unarudi pole pole, kwenye muguu wa mutu. Nilisimama siku moja na beseni la sambaza kichwani nikaangalia. Sikukaa hata kidogo, niliondoka.

Ndiyo au hapana, Achille.

Charline


Kampala, tarehe 3 Agosti 2025

Yaya,

Heshima yako. Nimefurahi kusikia Mama Julie hakupatwa na kitu. Ninamutumia Élodie kalamu za rangi, na wewe kitambaa cha kichwa, usikitoe zawadi kwa mutu mwingine. Mugongo umepoa. Tajiri wangu amefiwa na mukwe wake, kwa hiyo duka limekuwa kimya wiki hii.

Umekasirika, na uko na haki. Hata mimi nikikusoma ninakasirika. Lakini nisikilize.

Tulikuwa na mechi, mechi ya kweli, watu wamejaa. Ilikuwa karibu na mwisho, timu hazijaachana. Mupira ulinifikia kando, na mutu wao amenibana. Nikamuona Jephté. Sikumuota, nilimuona, pembeni ya jicho, na ile shuka yake ya njano ya Butembo? Hapana, ninaandika vibaya. Shati lake la njano, lile lililochanika bega. Alisimama pale ambapo ukuta ungekuwa, muguu mumoja umekunjwa nyuma, kama anavyosimama akingoja. Nikamupa. Yaya, nilimupa mupira muzuri kuliko yote niliyowahi kupiga. Ukapita mustari, ukaenda chini ya viti, arbitre akaonyesha mukono upande wa adui. Hakuna aliyecheka mara hii. Coach akanitoa, na kabla sijafika kwenye benchi mwingine alikuwa ameshaingia na mupira unaendelea. Nilikaa na taulo usoni mupaka taa zikazimwa.

Ndiyo maana sitasema neno lako. Hapa mutu akitoka nafasi yake inajazwa kabla jasho lake halijakauka, na mimi ndiye unaniambia nifanye hivyo kwa mudogo wangu. Umeandika mwenyewe kwamba mupira unaenda kwake na unarudi. Basi ukuta unacheza. Lile jiwe jeusi linarudisha kwenye muguu, kama alivyolijua yeye, na mimi ninasema kwamba kama linarudisha, yuko na nafasi yake bado. Labda amefungwa pahali. Labda alichukuliwa abebe mizigo na hajapata njia. Wengine walirudi baada ya miaka.

Hili ndilo sharti langu, umupe na baba mudogo. Siku mupira utaenda kwa Jephté na hautarudi, niandikie, na siku hiyo nitasema. Kabla ya siku hiyo musinisukume.

Achille


Mugunga, tarehe 28 Septemba 2025

Mudogo wangu,

Kitambaa nimekifunga, kimenipendeza. Élodie amechora nyumba yenye watu wengi kuliko tulivyo, nimekiweka ndani ya barua hii kikaratasi chenyewe. Mama alikuwa na homa kali ya malaria, alilala karibu siku zote za mwezi huu, lakini sasa anakaa, anakunywa uji, anagombana na mimi kwamba uji ni mwepesi. Ukisikia anagombana ujue amepona.

Achille, ukuta hakuna.

Ulianguka siku ile ile ya Januari. Bombe liliangukia parsele ya Muzee Cikuru, uwanja wa nyumba yake, na kilichobaki ni mawe yaliyotawanyika, urefu wake haufiki hata kwenye kisigino. Lile jiwe jeusi sijui liko wapi. Sikukuambia. Kwenye barua yako ya Pasaka uliuliza habari ya ukuta kama mutu anayeuliza habari ya ndugu, na mimi nilikosa nguvu ya kukuua mara mbili.

Na hili pia nilikuficha, hata niliposema hakuna aliyemuona. Jirani yetu Annonciata alimuona Jephté asubuhi ile. Alikuwa ameegemea pale, muguu umekunjwa nyuma, anangoja risasi zinyamaze avuke barabara arudi kwetu. Alimupungia mukono. Halafu bombe. Waliopita kuokota watu waliwaokota haraka, wakawazika pamoja, hakuna aliyeandika majina. Chini ya mawe tulikuta kitambaa cha njano. Ninacho mimi, Mama hajakiona.

Sasa utauliza nani anarudisha mupira. Ni Mama.

Pale ndipo anashinda na kiti chake. Alianza mwezi wa pili, vijana waliporudi kucheza. Wa kwanza aliupiga kule kwa mazoea tu, na mupira ukapita mawe ukaenda zake. Mama alikuwa anapita na maji. Aliweka bidoni chini, akaufuata, akausukuma na muguu mupaka kwa Julien. Kesho yake akaleta kiti. Toka siku hiyo wanapiga, yeye anausimamisha na ndala, anausukuma kwa muguu wa kulia, unarudi. Hakuna aliyecheka, hata wale wakorofi. Mimi niliona aibu, nilifikiri akili imetoka, ndiyo sababu niliomba neno lako haraka, aondoke kwenye mawe yale aende Butembo.

Halafu homa ikamukamata. Siku ya kwanza ambayo hakuwepo, mimi nilikuwa pale na beseni. Julien alibanwa, wakaita, "Kwa Jephté!", akapiga. Mupira ulipita katikati ya mawe, ukateremuka mupaka barabara ya Sake, na hakuna aliyeukimbilia. Walisimama tu wote wanaangalia kule. Halafu kila mutu akaenda kwao.

Kwa hiyo sharti lako limetimia. Ninakuandikia kwa sababu uliomba, sijafurahi hata kidogo.

Jana nilimuambia Mama yote, hata barua zako. Nilifikiri atalia. Aliniambia: "Charline, mimi ninajua alikufa. Nilijua siku ile ile. Sikukaa pale kumungoja. Watoto walikuwa wanamupigia mupira, na hakuna wa kumurudishia." Kisha akauliza kama vijana wameshapata mutu mwingine. Nikasema hawawezi, ni mutu wa nyumbani ndiye anasema, na mutu huyo ni Achille. Akasema: "Basi muandikie."

Nimekuandikia.

Charline


Kampala, tarehe 26 Oktoba 2025

Yaya wangu Charline,

Ninawasalimia wote. Picha ya Élodie nimeibandika ukutani juu ya godoro langu. Nilihesabu wale watu wake, nikamuona na wa shati la njano, na sikumuambia mutu.

Barua yako ilinikuta dukani. Niliisoma nimesimama, halafu nikakaa juu ya gunia, na tajiri wangu akafunga mulango ili wateja wasinione. Ni mutu muzuri. Alilia na mimi bila kuuliza ni nani.

Neno langu ni ndiyo. Jephté, mudogo wetu, amekufa. Nimeliandika, na bado nina mukono. Muite baba mudogo Henri, muambie ninaomba samahani kwa kumuchelewesha, isomwe misa, kilio kifunguliwe. Kitambaa kile cha njano umuonyeshe Mama sasa, kizikwe kwa jina lake pale kwenye makaburi ya parokia. Na wewe, Yaya, ulie kwa sauti, mupaka wasikie Sake. Nilikufunga mudomo miezi mingi. Mimi nitalia huku saa ile ile, niambie tu siku.

Baada ya misa nenda kiwanjani badala yangu. Vaa kile kitambaa cha kichwa nilichokutumia. Simama katikati, waambie Julien na wenzake kwamba mutu wa nyumbani amesema, nafasi ya Jephté sasa imejazwa. Anayeingia ni mama yetu, Mama Clotilde. Baba mudogo akitaka kumupeleka Butembo, amuulize mwenyewe kwanza, maana mutu mwenye nafasi haondolewi hivi hivi, si kwetu.

Na uwaambie wasimupigie kwa nguvu. Wamupelekee upande wa kulia, chini chini, maana la kushoto ndilo lile goti linalomusumbua.

Mudogo wako,
Achille